Reli ya futi nne kwa sita



Wasomaji wetu wa Mwambao mliouliza kwa nini barua ya Kibuye imekosekana kwa wiki mbili, jawabu ni kwamba meza tuandikiayo ilikuwa imejaa vipande vya bati, gundi, na mabehewa manne yasiyo na paa. Kijana wetu mkubwa yuko shule ya bweni, na chumbani mwake mna kitanda cha futi 4 kwa 6. Juu ya kitanda hicho sasa umelala ubao wa plaiwudi wa kipimo hichohicho, na juu ya ubao pana reli, stesheni, pembe ya soko na kipande cha ziwa. Kijana arudipo likizo, ubao husimamishwa ukutani kwa kamba mbili, na kila kisichogandishwa vyema huanguka. Ndivyo tulivyokuja kujua gundi ipi ni ya kweli na ipi ni ya kuuzia tu.

Chanzo chake ni Jumapili moja sokoni. Soko la Kibuye lina watu kila siku, lakini Jumapili hufurika: nafaka, samani, kuku, mitumba, na mafundi wa bati wanaogonga tangu alfajiri. Tulikwenda kutafuta mapazia. Baina ya marundo ya mitumba palikuwa na boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, na ndani yake treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, ya huko Ulaya: kichwa kimoja, mabehewa matano, na vipande vya reli vilivyochanganyika kama kuni. Transifoma haikuwamo. Muuzaji hakujua ni kitu gani, akadai shilingi 3,000. Tukaondoka nacho kwa 1,200. Mapazia hatukununua. Bwana wa nyumba alidhani tumewanunulia watoto, nasi tulidhani hivyo.

Babu yao alikuwa barazani na tasbihi yake. Yeye ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeingia kazi ya reli mwaka wa 1968, siku ambazo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Akaletwa Kisumu kubadilisha njia za treni na kushika bendera, akaoa, na hakurudi tena Pwani ila kwa mazishi na harusi. Alipoliona boksi aliiweka tasbihi mfukoni, akaomba futi ya kupimia. Akapima kutoka chuma hadi chuma: milimita 16 na nusu. Akaligeuza behewa, akasoma chini yake: 1 kwa 87. Akaandika hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya maji, kisha akatuambia kama mtu atoaye habari ya msiba, "Hii si reli yetu. Hii ni ile mpya."

Nasi tukaipiga hesabu upya, tukamkuta mkweli. Milimita 16.5 mara 87 ni milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli mpya iliyoanza kubeba abiria kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka wa 2017 na kufika Naivasha mwaka wa 2019. Reli iliyofika hapa Kisumu ni ile ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja kamili. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896 na kuligusa ziwa Desemba ya 1901. Mahali ilipokoma pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Preston aliyesimamia utandikaji, na wakati huo pwani hii ya ziwa ilikuwa ndani ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka wa 1902. Kwa hiyo wale walioiita Reli ya Uganda hawakusema uongo.

Tuongeze hapa jambo ambalo Babu hulirudia kwa kila mgeni. Miaka ileile watu walipokuwa wakitandika reli yetu, huko Sham ilianzwa Reli ya Hijazi, mwaka wa 1900, kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, ili mahujaji wapunguziwe safari ya ngamia. Ilifika Madina mwaka wa 1908. Upana wake ulikuwa milimita 1,050. "Vidole vitatu tu," husema Babu, "vidole vitatu tu baina yetu na Madina." Hukumu ya vidole vitatu ni yake, sisi hatujapima.

Sasa, mtu mwingine angesema mchezo ni mchezo, na treni ya reli pana itembee popote. Mzee hakukubali, na tulipofikiri tuliona ana haki. Basi hatukubadilisha reli. Tulibadilisha kila kitu kingine. Kama milimita 16.5 zinasimama mahali pa mita moja, basi dunia yetu yote iwe ndogo mara 60. Magurudumu na mota zikabaki zilezile za Ulaya, lakini juu yake tukajenga maungo mapya ya bati, makubwa zaidi, kama vile vichwa na mabehewa ya reli ya mita moja yanavyoonekana mapana kuliko njia yanayoipita. Mlango wa mita mbili ukawa sentimita 3.3. Behewa la abiria lingepaswa kuwa na sentimita 30, lakini kona zetu ni kali mno, tukalifupisha hadi 20. Babu alitamani Garratt, yale majitu ya mvuke ya aina ya 59 aliyoyaona utotoni yakipanda kutoka Mombasa: yalikuwa 34, tani 252 kila moja, kila moja na jina la mlima, rangi yake damu ya mzee. Moja, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Kwa kipimo chetu lingekuwa na urefu wa zaidi ya nusu mita, na lingelala kitandani kama mgonjwa. Tukatengeneza kichwa cha dizeli, tukakipaka damu ya mzee ili asinung'unike.

Jambo la pili lililotufunza unyenyekevu ni ukubwa wa ubao wenyewe. Futi 6 mara 60 ni mita 110 tu. Katika mita 110 hizo tulitaka stesheni, gati, soko, msikiti na nyumba yetu, na kutoka sokoni Kibuye hadi stesheni ya Kisumu mtu huita bodaboda. Tukafanya kama afanyavyo mama mwenye kitambaa kisichotosha: tukakata mikono, tukafupisha pindo. Nyumba yetu haimo. Soko limekuwa vibanda kadhaa vinavyokaribia kugusa maji, na mwenyeji yeyote wa Kisumu atacheka aonapo.

Umeme ndio uliotutesa zaidi. Treni hizi hazina betri tumboni. Chuma kimoja cha reli huleta umeme na cha pili huurudisha, na magurudumu huupokea njiani. Ukizibadilisha nyaya mbili, treni hurudi kinyumenyume. Volti 12 zatosha. Fundi wa redio sokoni alitufungia kirungu cha kuongeza na kupunguza mwendo, akakiunga na adapta ya kifaa cha intaneti kilichokufa. Na stima inapopotea, nanyi mwajua hupotea, jirani hutuazima betri ya pikipiki yake, ambayo nayo ni ya volti 12 hasa. Adui mkubwa ni uchafu. Vumbi la Kibuye, moshi wa makaa na mvuke wa mafuta ya kukaangia hutua juu ya reli kila siku, na utando usioonekana kwa jicho watosha kuusimamisha msafara wote. Kila tunapotaka kuendesha, kwanza twapitisha kitambaa kilicholowa spiriti juu ya reli, kisha juu ya magurudumu. Kuhusu spiriti, wanazuoni wamekhitalifiana kama ni najisi, nasi twavaa aproni na kuiweka mbali na nguo za swala, yakaisha.

Watoto wadogo waliendesha kwa siku tatu, wakachoka. Kuzunguka si safari. Walikuwa wakikiachia kirungu chote, na mzunguko wa karibu mita nne ukimalizika kwa sekunde 6. Babu akapiga hesabu yake: ni sawa na kilomita 140 kwa saa, na hata ile mpya ya Mombasa haifiki hapo. Akaweka sheria. Treni ya mizigo iende kama treni ya mizigo, mzunguko mmoja kwa sekunde 21, nayo isiondoke mpaka bendera ya kijani iinuliwe. Kisha akaipa kazi. Mabehewa matatu yamejaa magunia, mawili hayana kitu. Yaliyojaa yaende gatini, matupu yarudi stesheni, na katika njia ya kuchepukia pana nafasi ya mabehewa mawili tu. Njia yenyewe hubadilishwa kwa mkono, kwa spoku ya baiskeli iliyopitishwa chini ya ubao, kwa sababu mzee hataki swichi ya umeme katika kazi aliyoifanya kwa mikono miaka yote hiyo. Tangu siku hiyo watoto hawazunguki. Wanabishana, wanarudisha nyuma, wanakosea, wanaanza tena, na wakati mwingine mwenye kukosea ni Babu.

Mapambo ni kazi ya binti yetu wa miaka 14. Yeye ndiye mwenye mkono wa kulehemu, na jirani mmoja aliyesema huu ni mchezo wa wavulana alionyeshwa waya zilizounganishwa chini ya ubao, akaomba radhi na kutuletea redio yake. Kokoto za njia ni mchanga wa ziwa uliochekechwa mara tatu, mara mbili kwa chekecheo la unga na mara ya mwisho kwa soksi. Mataruma yalikuwa meusi na yenye kung'aa kama plastiki, kwa kuwa ni plastiki. Tukayapaka rangi ya kijivu iliyochanganywa na majivu, yakazeeka kwa usiku mmoja. Mabati ya paa hutokana na kile kifuniko laini cha kopo la maziwa ya unga: hulazwa juu ya kitana na kusuguliwa kwa kijiti mpaka migongo itokee, kisha huguswa kwa vumbi la matofali na chai ya rangi, na hapo kutu yenyewe haiwezi kukana. Ziwa ni rangi ya kijani iliyochafuliwa na kahawia, mapako tisa ya vanishi juu yake, na magugu maji ni dodoki lililokatwakatwa na kutiwa rangi. Dagaa wa ziwa, ambao huku huitwa omena, ni unga wa karatasi ya fedha ya pakiti ya majani ya chai, ulioanikwa juu ya kipande cha chandarua. Wageni huinama hapo kabla ya kuitazama treni.

Hapo ndipo palipozuka suala la watu. Stesheni bila watu ni kama nyumba iliyohamwa, na mwenye kupamba hutaka kuijaza. Binti alifinyanga kwa udongo mwanamke wa buibui mwenye kimo cha sentimita 2.7, akamweka jukwaani. Babu akamwondoa, akamweka mkononi mwa binti bila neno. Binti naye alikuwa amesoma madrasa. Akamtajia Hadithi iliyomo katika Abu Dawud kuhusu Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na vitu vyake vya kuchezea, miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyocheka. Babu akajibu kwamba hayo yalikuwa ya mtoto kuchezea, na huu ubao umekuwa pambo la watu wazima. Kusema kweli hakuna kati yetu aliyeweza kusema ubao huu ni wa nani. Mwalimu wao aliulizwa, akasema kuna waliotoa ruhusa na kuna waliojizuia, na nyumba yenye shaka iache kilichoitia shaka. Hatukuandika haya kumhukumu mwenye kufanya vingine.

Basi tukaweka alama za watu badala ya watu. Mlangoni mwa msikiti pana jozi kumi na tisa za kandambili, moja imepinduka. Kwenye kamba pana leso mbili. Jukwaani pana mwavuli ulioegemezwa ukuta, kikapu, na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba, na mtu atazamaye hujua mwenyewe kuwa mwenye sanduku amekwenda kununua maji na atarudi mbio. Sisi twaona stesheni imejaa kuliko kama tungewafinyanga.

Kisha binti akajenga kibanda cha Shangazi.

Hapa yatubidi tueleze jambo la nyumbani, nasi tumepata idhini ya wenyewe. Shangazi ya watoto, binti wa Babu, alikuwa na kibanda cha uji, chai na mahamri kandokando ya reli hapa mjini, na kwa kibanda hicho aliwasomesha watoto wawili. Mwaka wa 2020 agizo likatoka vibanda vyote vya kando ya njia viondolewe, kwa kuwa reli ya kutoka Nakuru ilikuwa ikifufuliwa. Vikabomolewa. Treni ya abiria ikarudi Kisumu Desemba ya 2021, na mji ukafurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini siku ya kubomolewa, Shangazi alipokuja hapa na masufuria yake juu ya mkokoteni, Babu alimwambia, "Njia ya reli haina mpangaji." Ni neno la kazi yake, alilowaambia wengi enzi zake. Tangu hapo Shangazi huja Idi kwa Idi. Humbusu baba yake mkono, hupakua chakula, huosha vyombo, huondoka. Hakuna ugomvi. Hakuna pia mazungumzo.

Binti hakumwuliza mtu. Alijenga kibanda kwa vijiti vya aiskrimu, mezani akaweka karai la bati na vikombe vitatu vya shanga zilizokatwa. Kwa kumcha Babu alikiweka mbali na reli, karibu na ukingo wa ubao. Babu alikiona, akakitazama kwa muda mrefu, na hakukiondoa.

Idi ikaja. Shangazi aliletwa chumbani na watoto, akainama kwenye omena kama wote, halafu akakiona kibanda. Akanyamaza. Kisha akasema jiko lilikuwa upande wa kushoto, na benchi lilitazama reli, si barabara, kwa sababu wateja walipenda kutazama njia. Binti akaligeuza benchi. "Na hakikuwa huko," akaongeza Shangazi, taratibu, bila kumtazama mtu. "Kilikuwa karibu zaidi."

Babu alikuwa amesimama na bendera yake mlangoni. Akaja, akakishika kibanda kwa vidole viwili, akakisogeza. Akamtazama binti yake. Akakisogeza tena, mpaka ukuta ukawa umbali wa vidole viwili kutoka kwenye chuma. Kwa kipimo chetu hiyo ni kama mita mbili.

"Hapa?"

"Hapo, Baba."

Mtoto mmoja aliyekuwa kwenye kirungu, asiyejua lolote, akaiondoa treni. Ilikuja kwa sekunde zake 21, ikaingia kona, na pembe ya behewa la pili ikakwaruza upenu wa kibanda, ikaling'oa paa lote na kuliangusha ziwani. Sote tuliganda. Aliyecheka kwanza ni Shangazi. Alicheka mpaka akakalia godoro lililoviringishwa pembeni. Babu alikuwa bado ameinama, akilichunguza behewa.

"Ndivyo ilivyokuwa?" akauliza.

"Vikombe vyote vilikuwa vikilia. Nilivishika kwa mikono miwili mpaka ipite."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa sana, Baba. Lakini wateja walikuwa hapo."

Hakujibu. Aliliokota paa kutoka ziwani, akampa mjukuu wake, na binti akaupunguza upenu milimita 4 kwa mkasi wa bati. Treni ikapita tena polepole, Babu akiwa ameweka kidole baina ya behewa na kibanda, na kidole hakikuguswa. Chakula kikapoa siku hiyo.

Jumapili iliyofuata, isiyokuwa Idi, Shangazi alibisha hodi na karatasi mkononi. Ameandika majirani zake wote wa kandokando ya njia kwa mpangilio waliokaa: fundi viatu, wa kuchaji simu, wa maembe, wa kunyoa, mwenye cherehani aliyelindiwa mtoto kibandani kwa Shangazi. Ni vibanda kumi na kimoja. Tumepima, na upande ule wa ubao una nafasi ya vitatu. Babu ataka aanze fundi viatu, kwa kuwa ndiye aliyemshonea viatu vyake vya kazi. Shangazi asema mwenye cherehani hawezi kuachwa. Tunapoandika barua hii wamo chumbani na futi ya kupimia, na sauti zao zasikika hadi jikoni.